Kabichi, Chumvi na Ndimu: Sayansi ya Kachumbari ya Dakika Ishirini

Ukiagiza chipsi mayai Tandika au mishkaki Mwanjelwa, ukingoni mwa sahani utawekewa fungu dogo la kabichi mbichi iliyokatwa nyembamba, ikachanganywa na karoti na kitunguu na kunyunyiziwa siki. Wateja wengi humaliza chipsi, humaliza nyama, kisha husukuma sahani mbele kabichi ikiwa palepale. Imezoeleka kuwa pambo. Nyumbani nako kabichi haipewi nafasi ya kuliwa mbichi: inakatwa, inaingia sufuriani pamoja na nyanya na kitunguu, inapikwa hadi ilegee, basi.

Sina ugomvi na kabichi ya kukaanga. Lakini ninaamini kwamba kachumbari ya kabichi yenye ukali wa ndimu inastahili kutoka kwenye sahani ya chipsi na kuhamia kwenye sahani ya ugali na maharage, kila siku inapowezekana. Si suala la ladha peke yake. Ndani ya bakuli lile kunatokea mambo ambayo wanasayansi walihangaika nayo kwa zaidi ya miaka 200 kuyaelewa, na mama wa nyumbani anaweza kuyatumia yote kwa kisu, chumvi na ndimu mbili.

Kisu kinapopita

Chukua kabichi nzima uinuse. Haina harufu ya kusema. Sasa ikate nyembamba, subiri dakika moja, nusa tena. Kuna ukali unaopanda puani, unaofanana na wa haradali. Ukali huo haukuwamo kwenye kabichi kabla ya kisu. Umezaliwa wakati huohuo, juu ya ubao wa kukatia.

Jani la kabichi limeundwa kwa seli nyingi mno. Ndani yake mmea umehifadhi vitu viwili na kuvitenganisha kwa uangalifu: kemikali zenye salfa, mojawapo ikiitwa sinigrini, na kimeng'enya kiitwacho mirosinase. Ni kama njiti za kiberiti na ganda lake la kuwashia zikiwekwa vyumba tofauti: kila kimoja kimetulia hadi kikutane na mwenzake. Kisu kinapopasua kuta za seli, viwili hivyo vinakutana, kimeng'enya kinaivunja sinigrini, na kinachotoka ni mafuta makali yanayowasha ulimi na kufungua pua.

Mfaransa Antoine Bussy ndiye aliyeyatenga mambo haya mwaka 1840, akichunguza mbegu za haradali nyeusi, mmea wa ukoo mmoja na kabichi. Aligundua kwamba ukali wa haradali haukai ndani ya mbegu ukiwa tayari. Hutengenezwa mbegu inaposagwa na kupata maji.

Mmea haufanyi hivyo kwa ajili yetu. Hiyo ni silaha dhidi ya wadudu: anayeuma jani anajilipua mdomoni. Ila mkulima wa Lushoto au Njombe atakwambia kwamba wapo viwavi wanaotoboa kabichi matundu kama hawajasikia lolote. Mwaka 2002 watafiti walieleza sababu kwa mmoja wao, kiwavi wa yule nondo mdogo mwenye alama za almasi mgongoni. Tumboni ana kimeng'enya chake mwenyewe kinachoibadilisha sinigrini kabla haijageuka kuwa sumu. Amejifunza kuinyang'anya kabichi silaha yake.

Jikoni, jambo hili lina maana mbili. Kwanza, kadiri unavyokata nyembamba ndivyo seli nyingi zinavyopasuka na ladha inavyokuwa kali. Anayetaka kachumbari ya kuchangamsha anoe kisu na akate nyuzi nyembamba. Anayepikia watoto akate pana kidogo. Pili, moto huua kimeng'enya. Ndiyo maana kabichi iliyopikwa ni laini na tamu, lakini haina ule ukali.

Chumvi inapovuta maji

Nyunyiza chumvi kidogo juu ya kabichi iliyokatwa, uiangalie bila kuigusa. Baada ya dakika chache punje za chumvi hazionekani tena. Juu ya kila uzi wa kabichi kumetokea vitone vya maji, vinakua, vinaungana, vinateremka chini ya bakuli. Baada ya dakika kumi na tano, rundo lililokuwa limejaa hadi ukingoni limeshuka. Hujaongeza hata tone la maji. Yametoka ndani ya kabichi yenyewe.

Maji kujipenyeza hivyo kulionekana mwaka 1748 kule Paris: Mfaransa Jean-Antoine Nollet alijaza pombe kali kwenye chombo kidogo, akakifunika mdomo kwa ngozi ya kibofu cha mnyama, akakizamisha ndani ya maji. Baada ya saa kadhaa ngozi ilikuwa imevimba na kukaza. Maji yalikuwa yamepenya ngozi kuingia kwenye pombe, ilhali pombe haikutoka kwa wingi uleule. Miaka ya 1820 Mfaransa mwenzake, Henri Dutrochet, aliendeleza uchunguzi na kuonyesha kwamba jambo hilo hutokea kwenye viumbe hai wote. Ndilo wanafunzi wetu wa sekondari wanalolijua kwa jina la osmosisi: maji hupenya ngozi nyembamba kutoka upande wenye chumvi au sukari kidogo kwenda upande wenye nyingi.

Kabichi mbichi ni ngumu na inalia kwa sababu seli zake zimejaa maji yanayosukuma kuta kwa nguvu. Chumvi ikiyeyuka juu ya jani, nje kunakuwa na chumvi nyingi kuliko ndani. Maji yanatoka, msukumo unapungua, jani linalegea. Ukiifikicha kwa mikono kidogo, seli nyingine zinapasuka na kazi inakwenda haraka. Umeilainisha kabichi bila moto.

Hapa ndipo wengi wanapopoteza kitu cha thamani. Hutia chumvi nyingi, hukamua kwa nguvu, kisha humwaga maji yote kwenye sinki. Yale maji hayakutoka peke yake. Yamebeba sukari ya kabichi, sehemu ya madini yake, na sehemu ya vitamini C, ambayo huyeyuka kwenye maji kwa urahisi. Dawa yake ni nyepesi: tia chumvi kidogo, nusu kijiko cha chai kwa nusu kilo ya kabichi, na maji yatakayotoka uyaache bakulini. Yakichanganyika na ndimu ndiyo mchuzi wa kachumbari. Chumvi hiyo ikigawanywa kwa watu watano, kila mmoja anapata chini ya gramu moja, ilhali Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 kwa siku.

Tumia chumvi yenye madini joto. Kabichi na ndugu zake zina kemikali ambazo, zikiliwa kwa wingi sana na mtu aliyepungukiwa na madini joto, huweza kuisumbua tezi ya shingo. Kwa kiasi cha kachumbari, na kwa chumvi hiyo, hakuna cha kuogopa.

Siri iliyokuwa ndani ya kabichi

Kwa karne nyingi mabaharia walikufa kwa kiseyeye. Fizi zilivimba na kutoka damu, meno yakalegea, majeraha ya zamani yakafumuka. Mwaka 1747 daktari wa meli wa Uingereza, James Lind, aliwagawa wagonjwa 12 wawili wawili na kuwapa kila jozi tiba tofauti, kukiwamo siki na maji ya bahari. Waliopewa machungwa na malimau ndio waliopata nafuu haraka. Lakini ndani ya matunda yale kulikuwa na nini? Jibu lilichelewa karibu miaka 200, na kabichi ilikuwa miongoni mwa mashahidi.

Mwaka 1928, akifanya kazi Cambridge, mwanasayansi wa Hungaria Albert Szent-Györgyi alitangaza kwamba amepata kemikali mpya kutoka kwenye tezi zilizo juu ya figo za ng'ombe, kutoka kwenye machungwa, na kutoka kwenye kabichi. Hakujua bado kwamba ndiyo iliyokuwa ikitafutwa, yaani vitamini C. Mwaka 1932, akiwa Szeged nchini kwao, majaribio yalithibitisha hivyo kwa kutumia simbilisi, wale wanyama wadogo wanaofugwa kwa kitoweo hata katika Nyanda za Juu Kusini mwa Tanzania. Simbilisi walichaguliwa kwa sababu, kama binadamu, hawawezi kujitengenezea vitamini C. Mbuzi anaweza. Ng'ombe anaweza. Sisi hatuwezi, lazima tuile. Mwaka huohuo Charles Glen King wa Pittsburgh alifikia jibu hilohilo, na mwaka 1937 Szent-Györgyi alipewa Tuzo ya Nobel.

Kazi yake nyingine haisimuliwi sana, lakini inatuhusu zaidi sisi wakata kabichi. Mwaka 1931 alichapisha utafiti kuhusu jani la kabichi lenyewe. Aligundua kwamba ndani ya jani, pamoja na vitamini ile, mna kimeng'enya kinachoiharibu kwa msaada wa hewa. Jani likiwa zima, mambo yanakwenda kwa utaratibu. Likikatwa, kimeng'enya, vitamini na hewa vinakutana bila kizuizi, na vitamini C inaanza kupungua. Joto huharakisha upotevu huo. Kabichi iliyokatwa asubuhi na kuachwa kwenye beseni wazi hadi jioni haina tena thamani iliyokuwa nayo.

Ndimu ndiyo breki. Kimeng'enya kile hufanya kazi vibaya kwenye ukali wa ndimu, na vitamini C yenyewe hudumu zaidi katika ukali kuliko katika maji matupu. Watu wengi hudhani ndimu inatiwa ili kuongeza vitamini. Ukweli ni kwamba gramu 100 za kabichi mbichi zina takriban miligramu 36 za vitamini C, na gramu 100 za maji ya ndimu zina takriban 30. Kabichi ndiyo yenye nyingi. Ndimu inaongeza kidogo, lakini kazi yake kubwa ni kuilinda ile ya kabichi. Siki nayo inalinda, ingawa haileti vitamini.

Faida iliyo kubwa kuliko zote: damu

Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2015–16 ulionyesha kwamba wanawake 45 kati ya kila 100 wenye umri wa miaka 15 hadi 49 nchini Tanzania walikuwa na upungufu wa damu. Sababu ni nyingi, zikiwamo malaria na minyoo, lakini upungufu wa madini ya chuma ni mojawapo ya kubwa. Jambo linaloumiza ni kwamba maharage, mchicha, dagaa na dengu vyenye chuma tunavila. Tatizo ni kwamba chuma cha kwenye mimea hakiingii mwilini kwa urahisi. Maharage na mahindi vina kemikali ziitwazo fitate, ambazo hukikamata chuma tumboni na kutoka nacho. Chai ya rangi inayonywewa pamoja na chakula inazidisha tatizo, kwa sababu ya tanini zake.

Vitamini C inaingilia kati palepale tumboni. Inakibadilisha chuma kuwa katika umbo ambalo utumbo unaweza kulifyonza, na inakishikilia kisije kikanaswa na fitate. Katika vipimo vya mlo mmoja mmoja, kuongeza miligramu 25 hadi 50 za vitamini C kwenye chakula cha nafaka na mikunde kumeonekana kuongeza chuma kinachofyonzwa mara mbili au zaidi. Kiasi hicho kinapatikana kwenye gramu 100 za kachumbari ya kabichi, yaani fungu moja la kujaa mkono.

Lakini kuna sharti moja lisilo na msamaha: viliwe pamoja. Chungwa la saa kumi jioni halisaidii maharage ya saa saba mchana. Vitamini C lazima iwe tumboni wakati chuma kipo tumboni. Kwa hiyo kachumbari iwekwe kwenye sahani moja na maharage, na chai isubiri walau saa nzima baada ya chakula.

Hii si tiba ya mtu aliyekwisha kuishiwa damu. Huyo anahitaji kituo cha afya, vipimo na vidonge. Kachumbari ni ya kuhakikisha kwamba maharage uliyonunua kwa fedha yako yanakulipa.

Magadi na kabichi ya zambarau

Kuna desturi ya kutia magadi kwenye mboga au maharage ili viive upesi na kulainika. Nani angetaka kulaumu, wakati mkaa ni ghali? Ila magadi ni kinyume cha ndimu, na vitamini C haivumilii magadi hata kidogo.

Ukinzani huo wa magadi na ndimu unaweza kuonekana kwa macho. Siku hizi kwenye masoko ya mijini hupatikana kabichi ya zambarau. Kata kidogo, uiloweke kwenye maji ya moto hadi maji yawe ya zambarau, uyagawe kwenye glasi tatu. Glasi ya kwanza iache. Ya pili ikamulie ndimu: maji yanageuka mekundu papo hapo, yenye kung'aa. Ya tatu tia chembe ya magadi: yanakuwa ya buluu, na ukizidisha yanaelekea kijani. Rangi ile ni ya kundi la kemikali ziitwazo anthosianini, na hubadilika kulingana na ukali wa maji. Mwalimu wa kemia asiye na maabara anaweza kufundisha somo zima la asidi na besi kwa kabichi moja. Na mpishi akiona tofauti ya glasi ya pili na ya tatu, ataelewa kwamba magadi na ndimu havipelekwi kwenye chungu kimoja. Kama lazima utie magadi kwenye maharage, basi kachumbari mbichi pembeni inakuwa ya lazima zaidi.

Usafi kwanza, ndimu baadaye

Chakula kibichi kinadai uangalifu, ingawa ndimu nayo husaidia. Guinea-Bissau, Afrika Magharibi, ilikumbwa na kipindupindu miaka ya 1990. Watafiti waliofuatilia kaya waligundua kwamba waliotia maji ya ndimu kwenye mchuzi wa kulia wali walikuwa na kinga kubwa kuliko wasiotia. Maabara nayo ilionyesha kwamba ndimu huwazuia bakteria wa kipindupindu kustawi kwenye wali. Ni ugunduzi wa kutia moyo, na unaheshimu kitu ambacho wapishi wa pwani wamekifanya vizazi na vizazi.

Lakini mtu asiugeuze kuwa ruhusa ya uzembe. Ndimu hupunguza hatari; haioshi kabichi. Ondoa majani ya nje, osha kabichi kwa maji yaliyochemshwa au kutiwa dawa kabla ya kuikata, osha mikono, kisu na ubao, hasa kama ubao huo ulikatia nyama. Mlipuko wa kipindupindu ukitangazwa mahali ulipo, acha mbichi zote na ule vilivyopikwa vikiwa vya moto.

Namna ya kutengeneza

Kwa watu watano, chukua nusu kilo ya kabichi, karoti moja, nusu ya kitunguu, ndimu mbili, nusu kijiko cha chai cha chumvi, sukari chembe, na pilipili kwa anayeipenda. Kijiko kimoja cha mafuta ya alizeti kinafaa pia, maana vitamini A ya kwenye karoti huhitaji mafuta ili ifyonzwe.

Anza maharage yakishaiva, si mapema. Kata kabichi nyembamba kadiri kisu kinavyoruhusu. Kwangua karoti. Tia chumvi, fikicha kwa mikono safi kama dakika moja, ufunike, uache dakika kumi hadi kumi na tano. Ukali wa haradali utajitengeneza na maji yatatoka. Upotevu wa vitamini katika dakika hizo ni mdogo. Unaotisha ni wa saa nyingi. Usimwage maji. Kamulia ndimu, tia kitunguu, sukari, pilipili na mafuta, ugeuze. Onja. Kama haikukunji uso kidogo, ongeza ndimu. Mwenye vidonda vya tumbo apunguze ukali kadiri tumbo lake linavyomruhusu.

Ile pamoja na ugali, ile na wali, ile na makande. Iliwe siku hiyohiyo.

Vitamini za kopo dukani zina bei, na matangazo yake ni mengi. Kabichi haina wa kuitangaza, nayo inapatikana karibu kila soko, mwaka mzima, kwa fedha ambayo familia nyingi zinaimudu. Basi siku utakayopika maharage, iweke kachumbari mezani pamoja na chakula, si baada yake. Na unapopakua, fungu la kwanza limfikie mama mjamzito, la pili binti aliyekwisha kuvunja ungo. Hao ndio wanaoihitaji kuliko sisi wengine.